Sindano ya jicho: ninayomwambia nesi mpya kabla hajashika trei

Kila Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, benchi la nje ya chumba chetu huwa limeshajaa. Wengi ni watu wa kisukari. Wachache ni wazee ambao retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imechakaa kwa umri, na hakosekani mmoja ambaye mshipa wa damu wa nyuma ya jicho umeziba. Wote wamekuja kuchomwa sindano ndani ya jicho, na karibu wote hawakulala vizuri. Mwaka jana bibi mmoja alinivuta pembeni, ncha ya kanga mdomoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wakishalitoa, wanalirudisha vilevile?"

Nikamwambia, bibi, jicho halitoki mahali pake. Unalala, linatiwa ganzi, unachomwa, unaamka unakwenda zako.

Na kweli kuchoma kwenyewe ni kufumba na kufumbua. Ndiyo maana watu hudanganyika wakadhani ni kazi ndogo. Mimi nimekaa upande wa trei miaka kumi na moja. Daktari ndiye anayechoma, mimi ndiye ninayeandaa, ninayeshika mkono wa mgonjwa na ninayepiga simu baadaye. Haya nayaandika kwa manesi na madaktari wapya wanaopangiwa chumba hiki. Ukimaliza kusoma hutakuwa umejua kuchoma, maana hilo linafundishwa kwa mkono, mbele ya mtu aliyekwisha kuchoma mamia. Ila utajua kwa nini napiga kelele kabla ya sindano halafu nanyamaza kama maiti wakati wa sindano.

Tunachokiogopa kina jina refu, endofthalmaitisi: bakteria ameingia ndani ya jicho. Hutokea mara chache, kama mara moja katika sindano elfu mbili au tatu hivi. Lakini mgonjwa wa kisukari hachomwi mara moja akamaliza. Huanza kila mwezi, miezi mitano sita mfululizo, na wengine huendelea miaka. Na ule ute uliojaa ndani ya jicho hauna mishipa ya damu, kwa hiyo askari wa mwili wanachelewa kufika. Bakteria akishaingia mle amepata nyumba yenye chakula na isiyo na mlinzi. Jicho linaweza kwisha ndani ya siku mbili.

Kichupa

Tuanze na dawa, maana hapo ndipo ninapokosa usingizi mimi. Tunayotumia zaidi ni bevasizumabu, ambayo wengi wanaiita Avastin. Haikutengenezwa kwa ajili ya macho. Marekani waliiruhusu mwaka 2004 kutibu saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2005 daktari Philip Rosenfeld wa Miami akaripoti kuichoma ndani ya jicho, na kwa vile jicho linahitaji kiasi kidogo mno, gharama ikawa ya watu kama wetu. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa huko huko Marekani ukaonyesha kwamba kwa uoni haiachwi nyuma na ranibizumabu, iliyotengenezwa mahsusi kwa jicho na ambayo bei yake ni afadhali usiulize. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linaitaja kwenye orodha ya dawa muhimu, upande wa macho.

Sasa piga hesabu. Kichupa kidogo kina miligramu 100 ndani ya mililita 4. Jicho moja linataka miligramu 1.25, yaani mililita 0.05, tone moja tu. Kwa hiyo kichupa cha mgonjwa mmoja wa saratani tunakigawana benchi zima, na mlango wa balaa ndio huo. Dawa yenyewe haina kihifadhi. Uchafu ukiingia leo asubuhi, hakuna kitu mle ndani cha kuuzuia usizaane.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2011 kule Florida wagonjwa 12 waliambukizwa kwa dawa hii iliyokuwa imegawanywa kwenye mabomba ya sindano na famasi moja, na bakteria aliyepatikana ni streptokoki, jamii inayoishi vinywani mwetu sote. Mwaka 2023 nchini Pakistan, jimbo la Punjab, makumi ya wagonjwa waliharibikiwa macho kwa dawa hiihii iliyogawanywa na kusambazwa kiholela. Daktari aliyechoma huenda alifanya kila kitu sawasawa. Madhara yalikuwa yamekwisha kuingia kabla bomba halijafika mkononi mwake.

Kama hospitali yako ina mfamasia mwenye kabati la hewa safi na anajua kulitumia, yeye ndiye agawanye. Sisi hatuna. Kwa hiyo tunakusanya wagonjwa siku moja, kichupa kinafunguliwa asubuhi ile, bomba zote zinavutwa kikao kimoja, na kila bomba linavutwa na sindano mpya. Mpira wa kichupa unafutwa kwa spiriti na *unaachwa ukauke*. Spiriti inayotiririka haijaua kitu bado. Anayevuta amevaa glovu tasa na barakoa iliyofunika pua, mlango umefungwa, hakuna stori. Kinachobaki kinamwagwa. Roho inauma, najua. Kuna bosi mmoja aliwahi kunisimamia pale mlangoni akanihesabia kwa shilingi kile ninachokimwaga. Nilimwomba aniandikie barua ya kuniamuru nikitunze hadi Alhamisi ijayo, aweke na sahihi. Barua sijaipata hadi leo.

Namba ya bechi, yaani ya fungu la dawa lililotengenezwa pamoja, inaingia kwenye daftari kila siku, mbele ya jina la kila mgonjwa. Wagonjwa wawili wakirudi na macho yanayouma wiki moja, ukurasa huo ndio utakaokwambia kama ni ajali mbili au kichupa kimoja.

Friji iwe nyuzi 2 hadi 8. Dawa isigande, isitikiswe, isikae juani. Mzigo wetu huja kwa basi kutoka Dar es Salaam ndani ya kiboksi cha baridi, na mara moja aliyefunga alikuwa na nia njema sana: akavizungushia vichupa barafu pande zote, bila hata karatasi katikati. Vilifika vigumu kama lambalamba. Vikayeyuka, vikawa vinang'aa, macho ya kawaida yasingeona tofauti. Tulivitupa vyote, na Alhamisi ile niliwatuma watu nyumbani, mmoja wao alikuwa amekopa nauli.

Kabla hajalala

Tazama kope kwanza. Chokea, usaha pembeni, kope zenye magamba na wekundu, jicho jekundu la kuambukiza: leo hachomwi. Atalalamika, hasa aliyevuka maji kwa boti tangu usiku. Mwache alalamike. Tibu kope, mpe tarehe. Kuchelewa wiki moja kunavumilika, ila kumpitishia usaha ndani ya jicho hakurekebishiki.

Wanja utoke. Huku pwani akina mama na hata baadhi ya wazee wanaume wanapaka, na mtu anayekwenda hospitali hujipamba. Mfute kwa upole, kwa pamba na maji safi, nje, kabla hajaingia ndani. Usiombe radhi kwa hilo, ila usimfanye aone kama amekuja mchafu.

Muulize kama amepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, muulize kama ni mjamzito. Jibu likiwa ndiyo, mwite daktari, usiamue wewe. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini au warfarini, hana haja ya kuziacha kwa ajili ya sindano hii. Wapo wanaoziacha kwa kusikia maneno ya mtaani, na kuziacha ndiko kunakoweza kumdhuru.

Halafu kuna swali la aleji ya ayodini, dawa tunayoulia bakteria juu ya jicho kabla ya sindano. Mgonjwa atakwambia, "Sista, mimi ayodini hainipatani, hata kamba sili." Kamba na ayodini hawana undugu huo. Anayevimba kwa kula kamba anavimba kwa protini ya kamba. Na yule anayesema mara iliyopita jicho lilimuwasha usiku kucha, mara nyingi hana aleji, ni sisi hatukumsuuza vizuri baada ya sindano. Aleji ya kweli ipo, lakini ni adimu. Ukimwandikia "aleji ya ayodini" kwenye faili bila kuchunguza, umemnyima kinga yake kubwa kwa maisha yake yote.

Jicho lipi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaribia kuharibu.

Faili letu huandika jicho kwa herufi moja ya Kiingereza, na R ya daktari wa zamu ile ilikuwa inafanana sana na L. Mzee ameshalala. Nikamwinamia nikasema, "La kulia, sio, Mzee?" Akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Nikachukua kalamu. Mjukuu wake, binti wa kama miaka kumi na miwili aliyekuwa anasubiri mlangoni na viatu vya babu yake mkononi, akasema, "Babu, si la kushoto?" Lilikuwa la kushoto.

Yule mzee hakuwa amechanganyikiwa. Aliona nesi aliyevaa sare anasema kulia, naye ni mtu mwenye adabu, akakubali. Wazee wetu hawabishani na hospitali. Kwa hiyo tangu siku ile sitaji upande. Nauliza, "Mzee, leo tunachoma jicho lipi? Niguse hapo kwa kidole." Anagusa mwenyewe. Nalinganisha na faili, na picha ya retina kama ipo, na ridhaa aliyotia dole gumba. Kisha naweka alama ya kalamu *juu ya nyusi*, kwenye paji, si shavuni. Ya shavuni inafutika na ayodini au inafunikwa na shiti, halafu unabaki unakisia. Daktari naye anauliza upya kabla ya kushika bomba, hata kama amenisikia nikiuliza. Simwonei haya kumkumbusha.

Kama macho yote mawili yanachomwa siku hiyo, huyo ni wagonjwa wawili. Vifaa vipya, glovu mpya, ayodini upya, na ikiwezekana dawa ya bechi tofauti. Likitokea la kutokea, libaki upande mmoja.

Ayodini

Ukisahau yote niliyoandika, hili lishike. Kinachomlinda mgonjwa ni povidoni ayodini iliyokaa juu ya jicho kwa muda wake. Si zile dawa za matone za antibayotiki. Zamani tulikuwa tunampa kila mtu kloramfenikoli siku tatu kabla na siku nne baada, sasa hatumpi. Hazijaonyesha kupunguza maambukizi haya, na mtu anayezitumia kila mwezi anaishia kufuga juu ya jicho bakteria waliozizoea. Bado kuna daktari anayependa kuziandika ili mgonjwa asiondoke mikono mitupu. Tunabishana naye, kwa heshima.

Juu ya jicho lenyewe tunatumia asilimia 5. Kwenye ngozi ya kope, asilimia 10. Stoo yetu huwa na ile ya 10 tu, kwa hiyo ya jichoni naichanganya mwenyewe asubuhi, nusu kwa nusu na maji tasa ya chumvi, kwenye kikombe tasa, na jioni inamwagwa.

Soma lebo kwa sauti. Ipo povidoni ya kawaida na ipo yenye sabuni, ile ya kunawia mikono thieta. Chupa ni kama mapacha, rangi ileile ya chai ya rangi. Yenye sabuni inachubua konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Itikise kidogo: ikitoa povu, irudishe ulikoitoa. Na klorheksidini ya kwenye ngozi, ile iliyochanganywa na spiriti, isikae hata kwenye chumba hiki. Nilishawahi kukuta chupa yake kwenye trei yangu, imewekwa na mtu aliyeona rafu ina nafasi. Ikiingia kwenye jicho, konea inaweza kubaki nyeupe maisha. Kwa yule mmoja mwenye aleji ya kweli tunatumia klorheksidini ya maji, nyepesi kabisa, isiyo na spiriti, iliyotengenezwa kwa jicho. Chupa yake iko peke yake kabatini na ufunguo ninao mimi.

Mpangilio wetu ni huu. Tone la ganzi. Tone la ayodini. Ganzi tena, ayodini tena. Kisha kope na ngozi ya kuzunguka kwa ile ya asilimia 10, kuanzia kwenye kope kwenda nje, bila kurudi nyuma. Usisugue kope kwa nguvu na usizikamue, kuna mafuta kwenye vinyweleo vyake na ndani ya mafuta yale kuna wakazi. Ukikamua umewaita nje. Wanaotumia ganzi ya jeli, ayodini itangulie jeli. Jeli ikitangulia inafunika jicho kama mafuta ya nazi na ayodini inateleza juu yake bila kugusa kitu.

Shiti yenye tundu, kisha spekulamu ya kushika kope. Nywele zote za kope zikae nyuma ya vyuma, pembeni kabisa. Sasa ayodini ya mwisho, pale pale sindano itakapoingia.

Halafu subiri.

Sekunde thelathini angalau, na mimi nangoja zaidi. Nusu dakika si chochote ukiwa jikoni. Ukiwa umesimama, daktari ameshika bomba, benchi nje linakohoa, inakuwa kama foleni ya benki. Madaktari wapya huanza kusogeza mkono sekunde ya kumi. Mimi huhesabu kwa vidole vya mkono wa mgonjwa nilioushika: navibonyeza polepole kimoja kimoja, mikono yote miwili, mara tatu. Mgonjwa anatulia, na mimi napata thelathini yangu bila kutazama saa.

Kimya

Kabla hatujaanza namwambia mgonjwa: "Mzee, tukishafunika uso, usiongee. Ukiumia au ukitaka kukohoa, nibinye mkono, nitamsimamisha daktari. Usinijibu kwa mdomo." Kisha na sisi tunanyamaza. Wale streptokoki wa kinywani hupatikana kwenye macho yaliyoharibika baada ya sindano mara nyingi zaidi kuliko baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, na hao hawaoni huruma. Kila neno linatoka na vitone vya mate. Wote tunavaa barakoa. Mgonjwa naye akivaa, ukingo wa juu ubandikwe kwa plasta puani, la sivyo pumzi yake yote inapanda moja kwa moja kwenye jicho tulilolisafisha.

Sindano ni ile nyembamba, geji 30, fupi, mpya. Si ileile iliyotoboa mpira wa kichupa. Bomba lishikwe wima, hewa itolewe kwa kusukuma polepole hadi mstari wa 0.05. Usiligonge kwa kidole kama tunavyogonga bomba la sindano ya mkono. Ndani ya bomba kuna mafuta ya silikoni, na ukigonga yanabanduka yanaingia kwenye dawa, mgonjwa anabaki anaona vijimviringo vinaelea miezi na miezi.

Mahali ni kwenye weupe wa jicho, upande wa sikio, mara nyingi chini. Kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, inapima kutoka mpaka wa weusi na weupe: milimita 4 kwa mwenye lenzi yake ya kuzaliwa, milimita 3.5 kwa aliyefanyiwa mtoto wa jicho akawekewa ya bandia. Mbele sana unagonga lenzi, nyuma sana unatoboa retina. Kwa hiyo kabla ya siku ya sindano faili liwe linasema wazi kama alishafanyiwa mtoto wa jicho. (Watoto njiti vipimo vyao ni vingine kabisa, hao hawachomwi hapa kwetu.)

Mgonjwa atazame kule sindano isipo. Kumwambia "angalia juu kushoto" kunawapoteza wazee, maana amelala na hajui juu ni wapi, darini au kichwani. Nimebandika darini vipande vinne vya plasta, kila kimoja na rangi yake kwa kalamu ya wino. "Mzee, tazama ile nyekundu, usiiache." Jicho linatulia kama limepigwa msumari.

Sindano inaelekezwa katikati ya jicho. Dawa inasukumwa taratibu. Sindano inatoka, kijiti cha pamba tasa kinawekwa juu ya tundu hapo hapo. Sindano ikigusa kope au nywele zake njiani, hata kidogo, inatupwa na tunaanza na nyingine. Usijadiliane na nafsi yako kwamba haikugusa sana. Na hairudishiwi kifuniko chake. Inakwenda moja kwa moja kwenye boksi la usalama, ambalo liko kwenye urefu wa mkono, siyo ng'ambo ya chumba.

Dakika tano za baada

Toa spekulamu, kisha jambo la kwanza: "Mzee, hivi vidole vingapi?" Akihesabu, vema. Akiona mkono tu ukipita, tunangoja na kuuliza tena. Akisema haoni hata taa, presha ndani ya jicho imepanda hadi damu haipiti, na hapo daktari asiondoke hata kujibu simu. Asiporejewa na mwanga upesi itabidi atoe maji kidogo ya mbele ya jicho. Nimeliona hilo mara mbili tu. Mara zote mbili daktari alikuwa bado hajavua glovu, na hilo ndilo lililosaidia.

Kisha suuza. Suuza sana. Maji tasa ya chumvi, mpaka rangi ya chai iishe hata kwenye pembe za jicho. Anayewashwa usiku mzima atalisugua, na mwezi ujao hatarudi.

Mweleze kwa maneno ya nyumbani. Doa jekundu kwenye weupe linaweza kutokea, linatisha kwa kulitazama, litaisha kwa wiki moja au mbili. Akiona duara jeusi linacheza chini kama puto, ni hewa kidogo, litayeyuka kesho au keshokutwa. Jicho kuhisi mchanga leo ni kawaida. Asilisugue, asiogelee siku chache, na mvuvi asiingie baharini. Maji ya kunawia yasiingie jichoni. Anayetia udhu tunamwambia apanguse uso kwa uangalifu, na hapo namwelekeza kwa shehe wake mwenyewe, mimi si mtu wa fatwa.

Halafu namwambia yale ambayo *si* kawaida, na namtaka ayarudie kwa mdomo wake mbele ya aliyemsindikiza: maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, uoni unaoshuka baada ya kuwa ulikuwapo, mwanga kuchoma, wekundu unaozidi, kope kuvimba. Lolote katika hayo, siku ileile arudi. Asingoje Alhamisi.

Na asipite dukani. Hili nalisema kwa uchungu. Mama mmoja jicho lilianza kumuuma siku ya tatu. Akaenda duka la dawa la jirani, akauziwa matone ya bei poa yenye antibayotiki pamoja na steroidi, dawa ya kutuliza wekundu na uvimbe. Wekundu ukapungua, akafurahi, akanyamaza. Steroidi ilikuwa imezima kengele, moto unaendelea. Alifika kwetu siku ya saba. Jicho lile sasa linaona mwanga tu, na bado anakuja kwa ajili ya lile la pili, ananisalimia vizuri, na kila mara natamani asingenisalimia vizuri.

Boksi jekundu na simu

Maambukizi mengi hujitokeza kati ya siku ya pili na ya tano. Akija mgonjwa wa namna hiyo usimpange foleni. Mpime uoni, mwite daktari, na leta boksi jekundu. Ndani yake kuna antibayotiki mbili, vankomisini na seftazidimu, maji ya kuchanganyia, bomba, sindano, na kadi niliyoiandika kwa mkono hatua za kuzimua hadi kupata miligramu 1 ya vankomisini na miligramu 2.25 za seftazidimu, kila moja katika mililita 0.1. Bomba mbili tofauti. Ukizichanganya kwenye bomba moja zinaganda kama maziwa yaliyokatika. Daktari anachukua ute kidogo kwa ajili ya maabara, anachoma dawa zote mbili, na kama kituo kina uwezo wa kuondoa ute wote kwa upasuaji, mgonjwa anasafirishwa mapema. Kadi iko kwa herufi kubwa, kwa sababu saa nane za usiku hakuna anayejua hesabu ya kuzimua. Muda wa dawa za boksi naukagua tarehe mosi ya kila mwezi, siku ya mshahara, ili nisisahau.

Jumapili ni siku ya tatu. Nakaa na daftari na simu, nampigia kila aliyechomwa Alhamisi, au aliyemsindikiza kama mwenyewe hana simu. Siulizi "unaendeleaje," maana jibu lake ni "tunamshukuru Mungu" hata kama nyumba inaungua. Nauliza: jicho linauma kuliko juzi au chini ya juzi? Fumba lile jingine, unaona nini mbele yako? Mzee mmoja alinijibu, "Naona kuku wa jirani anakula mpunga wangu," akakata simu. Nikaandika: anaona vizuri.

Simu hizo nazipiga kabla ya saa nne asubuhi. Akiniambia linauma, bado kuna basi la kumleta siku hiyo hiyo.